Kengele ya Kaskazini

Siku Sekela Mwambene alipoikatia umeme nusu ya nchi ilikuwa Jumamosi ya Ndaga, siku ya shukrani mjini Tukuyu, na gunia lake la viazi lilikuwa limeshafungwa, limeegemezwa mlangoni kama mgeni anayesubiri kusindikizwa. Zamu yake ilikuwa iishe saa tatu asubuhi. Alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya kutokea. Lakini jua halina adabu ya kuuliza nani ana safari, na saa mbili na dakika arobaini Kijumbe kikalia.

Kijumbe kilikuwa chombo kidogo kilichoelea kilomita milioni moja na nusu kutoka duniani, upande wa jua, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuuonja upepo wa jua kabla haujatufikia. Siku za kawaida upepo ule hupita kilomita mia nne kwa sekunde, na watu wa kituo cha Kitulo, kinachoufuatilia upepo huo, huendelea kumenya viazi vyao bila kuujali. Asubuhi ile ulikuwa umefika mia nane, umekuwa mzito mara sita, na mshale wa uga wake wa sumaku ulikuwa umeelekea kusini.

Hilo la kusini ndilo lililomfanya Sekela avue viatu. Uga wa dunia, pale unapokutana na upepo wa jua, umeelekea kaskazini. Upepo ukija na uga wa kaskazini, viwili hivyo hupishana kama watu wanaoheshimiana. Ukija na wa kusini, hukamatana, mlango hufunguka, na nguvu ya jua huanza kumiminika ndani. Tena ngao yenyewe, yaani uga huo wa dunia, haikuwa ile ya mababu. Tangu enzi za bibi yake Sekela ilikuwa imepungua kwa theluthi moja, na wataalamu walikuwa bado wanabishana kwa nini.

"Tuna nusu saa," alisema.

"Basi kata," alijibu Bwana Ambakisye Mwaikenda bila kuinua macho kwenye kikombe chake. Alikuwa mkuu wa kituo, mwanamume wa miaka sitini na miwili, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikivuliwa isipokuwa kwa jambo moja, nalo tutalifikia.

Saa tatu kamili Sekela aligeuza ufunguo wake, na Mkuza ukakatika vipande. Mkuza ulikuwa waya wa umeme unaotoka ncha ya kusini ya Afrika mpaka Misri. Uga wa dunia ukitikisika, waya mrefu kiasi kile huokota mkondo usio wake kutoka ardhini, na mkondo huo hupita kwenye transfoma na kuchemsha mafuta yake hadi iungue. Transfoma moja ndiyo iliyolisha mkoa mzima. Kupata nyingine kulichukua mwaka na zaidi. Kila mtu wa nyanda zile alilijua hilo, kwa sababu miaka kumi na mmoja nyuma iliwahi kuungua.

Na kila aliyekata umeme pale Kitulo alikata akijua habari za viota.

Viota vilikuwa vinane, katika hospitali moja mjini Tukuyu: vifuko vya kioo vyenye maji ya uvuguvugu, ambamo mtoto aliyetoka tumboni kabla ya wakati humalizia siku zake. Pampu humsukumia damu yenye hewa safi kupitia kitovu. Majenereta ya mafuta yalipigwa marufuku kabla Sekela hajazaliwa, na kwa mvua ya Tukuyu mabamba ya jua huweza kuwasha taa tu, basi. Kila kiota kilikuwa na betri ya saa tatu. Saa tatu kujumlisha saa tatu ni saa sita, hesabu ambayo haikuhitaji kompyuta.

Sekela mwenyewe alikuwa mtoto wa kiota. Alikaa humo wiki kumi na tatu, miaka ishirini na tisa iliyopita. Na sasa, katika kiota cha nne, alikuwamo binti wa mdogo wake Atupele, wa wiki ya ishirini na sita, ambaye alikuwa bado hana jina.

*

Saa tano na nusu mshale wa Kijumbe ulisitasita, ukayumba, ukageuka kaskazini.

Bwana Ambakisye alivua kofia. Alitoka uani mahali ilipotundikwa rimu kuukuu ya lori, akaokota nyundo. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya kituo, naye ndiye aliyeianzisha: mshale ukigeuka kaskazini, kengele hupigwa mara tatu, wote husema "Ndaga, Bwana," yaani asante, kisha mgeuko ukifika duniani, kama nusu saa baadaye, ufunguo hugeuzwa na umeme hurudi. Wachungaji wa kondoo kule bondeni wakiisikia hupiga ishara ya msalaba. Ilikuwa desturi nzuri. Sekela aliipenda tangu alipofika kituoni akiwa mwanafunzi.

"Mkuu, bado," alisema.

"Bado nini?"

"Usiipige bado. Na umeme tusirudishe."

Bwana Ambakisye aliushusha mkono wenye nyundo taratibu. "Mshale uko wapi?"

"Kaskazini."

"Na mlango ukifungwa, mwizi anaingilia wapi?"

"Alikwisha kuingia, mkuu. Yuko ndani."

Sekela alimrudisha mezani akamfungulia daftari lake. Kwa miezi minane, katika zamu ambazo upepo ulitulia, Sekela alikuwa amechambua kumbukumbu zote za kituo. Nguvu inayoingia wakati mshale uko kusini haimaliziki papo hapo. Sehemu yake kubwa huvutwa hadi nyuma ya dunia, upande usioangalia jua, na huko uga hurefuka na kukazwa kwa saa nyingi. Mabadiliko yoyote ya ghafla ya upepo yanaweza kuuachia. Hata mabadiliko ya heri. Hata mshale kugeuka kaskazini.

"Mkuu, wewe umekata mianzi," alisema. "Ukiuinamisha mwanzi, unakupiga saa ngapi? Unapouinamisha, au unapouachia?"

Kidole cha Sekela kilikuwa kimesimama kwenye mstari mmoja wa daftari, na wote wawili waliijua tarehe ile. Miaka kumi na mmoja iliyopita. Mshale uligeuka kaskazini saa nne na dakika mbili. Kengele ikapigwa. Umeme ukarudishwa saa nne na dakika thelathini na saba. Transfoma ikaungua dakika nne baadaye. Mkoa ulikaa miezi kumi na minne bila umeme, na watoto watano waliokuwamo viotani siku ile hawakufikisha jioni.

"Ule ulikuwa mkia wa dhoruba," alisema Bwana Ambakisye. "Pigo la pili. Tume iliandika hivyo."

"Hakukuwa na pigo la pili. Nimeangalia. Upepo ulikuwa umetulia kabisa."

"Unataka kusema niliwaua mimi?"

"Sijasema hivyo, mkuu."

"Umesema." Alikaa, nyundo bado mkononi. Kisha ukali ukamrudia, maana mtu aliyechomwa hutafuta pa kupigia. "Haya, mwalimu. Hutokea kila mara?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na Sekela angeweza kudanganya. "Hapana. Dhoruba ishirini na tatu mshale uligeuka hivi. Tisa ziliachia."

"Tisa! Yaani mara nyingi zaidi hakuna kitu. Na unataka tungoje hadi lini?"

"Mgeuko utafika duniani saa sita na dakika moja. Ukiongeza muda wa kuachia na kutulia, ni saa saba kasoro robo."

"Betri zinaisha saa sita. Dakika moja watavumilia, arobaini na tano hapana. Kwa hiyo unawaua watoto wanane wa leo, kwa hakika, kwa ajili ya transfoma ambayo pengine haitaungua."

"Nikirudisha nayo ikaungua, mkuu, nitakuwa nimewaua hao wanane na wa miezi kumi na minne ijayo."

"Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu. Najua. Guu ni langu."

Ufunguo ulikuwa wa mwenye zamu. Mkuu aliweza kuuchukua, ila kwa kuandika kwenye kitabu cha zamu na kutia sahihi. Bwana Ambakisye alikifungua kitabu. Akashika kalamu. Akaitazama tarehe kwenye daftari la Sekela, akatazama ukurasa mtupu, na kalamu ikabaki hewani.

Simu ya waya ililia.

"Dada?" Ilikuwa sauti ya Atupele. "Dada, Sista Bupe anasema mshale umegeuka, wamesikia redioni. Mbona umeme haurudi?"

Sekela alikaa juu ya gunia la viazi, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. "Haurudi bado, mdogo wangu. Mpaka saa saba kasoro robo."

"Nani amesema hivyo?"

"Mimi."

"Ni wewe?" alisema Atupele. "Sekela, ni wewe mwenyewe? Unajua yuko wa nne. Ulimwona juzi. Alikushika kidole kupitia ile glavu!"

"Najua."

"Basi rudisha! Nakuomba kwa jina la mama, rudisha!"

Machozi yalikuwa yanamtoka Sekela bila kificho, na hakuyafuta. Alitaka kurudisha. Mwili wake wote ulitaka, mkono ulikuwa umekwisha kuelekea kwenye ufunguo. "Nikirudisha sasa naweza kumuua na wenzake wote, na wa mwakani," alisema. "Mpe Sista Bupe simu. Tafadhali, Atu. Mpe."

Sista Bupe alikuwa mkunga mkuu, mwanamke mnene, mkavu wa maneno, aliyewahi kumpokea Sekela mwenyewe kutoka kiotani. "Nimesikia," alisema. "Nina mipini. Kila kiota kina mpini wake wa kuzungushia pampu kwa mkono. Lakini mzunguko ni sitini kwa dakika, mtu mzima anachoka baada ya dakika tano, anaanza kuvuruga mwendo. Nina wauguzi watatu, binti yangu. Watatu kwa viota vinane."

Sekela alifumba macho. Chini yake viazi vilimchoma. Viazi alivyovichimba Alhamisi, vya kupeleka Tukuyu, kwa ajili ya...

"Sista," alisema. "Foleni ya Ndaga imefikia wapi?"

Sauti ngeni kabisa ikatoka kwenye ile simu, sauti ya Sista Bupe akicheka. "Imetoka getini. Imezunguka hadi kwa muuza mkaa."

Kwani Ndaga ilikuwa hivyo: kila mwaka, wote waliowahi kulala viotani, na waliowahi kulaza watoto wao humo, walikuja na vikapu vya chakula kwa wauguzi. Kisha kila mmoja aliingia, akashika mpini wa kiota alichokuwamo, akauzungusha mara moja, akasema ndaga, akatoka. Watu wa mjini waliicheka desturi ile. Walisema ni mambo ya kizamani, mipini yenyewe haina kazi, ing'olewe iuzwe chuma chakavu. Lakini hakuna mtu katika foleni ile ambaye hakuujua uzito wa mpini.

"Waingize," alisema Sekela.

"Naingiza. Na wewe shikilia hapo ulipo. Usiwatukane wakunga na uzazi ungalipo, eti? Leo tutaona." Simu ikakatika.

Bwana Ambakisye alikuwa amekifunga kitabu cha zamu. Hakuwa ameandika neno.

*

Saa sita ilifika. Saa sita na dakika moja. Mgeuko ulifika duniani kama mshale ulivyotabiri, na hakuna kilichotokea.

Nyuma ya kituo kulikuwa na waya wa majaribio, kilomita tatu tu, uliofukiwa ncha zote mbili ardhini ili uonje mkondo ambao Mkuza ungeuokota. Tangu saa tatu sindano yake ilikuwa ikicheza kati ya kumi na ishirini. Sasa ilishuka. Kumi na mbili. Tisa. Sita. Saa sita na dakika kumi ilikuwa nne, imetulia kabisa, na nje kondoo walilia katika jua zuri la Kitulo.

"Sekela," alisema Bwana Ambakisye kwa upole, na upole ule ulimtisha kuliko ukali. "Imetulia, mwanangu."

Sekela alifikiria mikono ya watu. Alifikiria kiota cha nne. Ishirini na tatu, tisa. Huenda leo ilikuwa miongoni mwa zile kumi na nne, na yeye alikuwa amekalia viazi akiua watoto kwa ajili ya hesabu. Alisimama, akaenda kwenye ufunguo, akauweka mkono juu yake.

"Dakika tano zaidi," alisema. Hakujua anamwomba nani.

Saa sita na dakika kumi na tatu sindano iliruka.

Haikupanda, iliruka. Ishirini, hamsini, sabini, ikagonga mwisho wa kipimo na kubaki pale ikitetemeka. Katika kibanda cha mawe cha vipimo, sumaku iliyoning'inizwa kwa uzi ilijipinda kama kitu kilichovutwa na mtu. Nyuma ya dunia, mbali upande wa usiku, mwanzi ulikuwa umeachiwa. Na Mkuza wote, kutoka ncha hadi Misri, ulilala vipande vipande, umekatwa, hauna pa kuupokea mkondo ule.

Bwana Ambakisye alikaa kama mzigo ulioshushwa.

"Dakika kumi na mbili tangu mgeuko ufike," alisema. "Ningekuwa nimesharudisha. Ningekuwa nasali."

Sekela alimwekea mkono begani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na wakakaa hivyo hadi sindano ilipochoka. Saa saba kasoro robo aligeuza ufunguo. Umeme ulirudi. Kengele haikupigwa.

*

Waliondoka saa saba, zamu wakiwaachia wenzao, gunia la viazi kiti cha nyuma. Bwana Ambakisye alisema anataka kwenda. Kwa miaka kumi na mmoja hajawahi kukanyaga Ndaga, siku zote ana mafua au ana ripoti ya kumalizia, na Sekela hakumuuliza leo mafua yako wapi. Njia nzima mzee alishikilia kofia mapajani.

Hospitali ilinuka jasho na ndizi za kuchemsha. Umeme ulikuwapo, lakini betri zikiisha kabisa huachwa zijae nusu kabla ya kubebeshwa pampu, kwa hiyo mipini ilikuwa bado inazunguka. Foleni nane zilijaza ukumbi. Kulikuwa na fundi cherehani, kulikuwa na mapacha wa sekondari, kulikuwa na askari aliyevua shati la kazi. Kila mmoja alikaa dakika tano, mwenzake akaushika mpini juu ya mikono yake ili mwendo usikatike, kisha akatoka akipuliza malengelenge. Wengine walikuwa wanalia huku wanacheka. Watoto wote wanane walikuwa hai. Wa kiota cha saba alikuwa amebadilika rangi kidogo saa sita na robo, wakambadilishia mzungushaji, akarudi.

Atupele alimwona dada yake akaja moja kwa moja, akasimama mbele yake.

"Sijakusamehe ile saa," alisema. "Nilikuchukia kweli kweli. Nataka ujue."

"Najua."

"Sasa nimekusamehe. Mungu si Athumani." Akamkumbatia kwa nguvu hata Sekela akakosa pumzi. "Viazi viko wapi? Watu wana njaa."

Sekela alienda hadi kiota cha nne. Ndani ya maji mtoto alikuwa amekunja ngumi moja shavuni, amelala kama ambaye hakuna lililompata. Ndaga, Sekela alisema moyoni, ndaga, ndaga fijo, asante sana, na hakujua amalizie wapi orodha ya wa kushukuriwa: jua, Kijumbe, mianzi, viazi.

Mpini wa kiota kile ulikuwa mikononi mwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye vitambaa viwili vilivyofungwa viganjani.

"Huyu ni Mama Subilaga," Sista Bupe alinong'ona. "Aliushika saa sita kasoro tano. Kila akipokewa dakika chache, huurudia. Mwanawe alikuwa katika hiki hiki, mwaka ule wa transfoma. Huja kila Ndaga kumzungushia yeye."

Nyuma ya Sekela, Bwana Ambakisye alikuwa amesikia. Sekela alitaka kumzuia, kisha akaona si haki yake. Mzee alipita, akasimama mbele ya mwanamke yule, kofia mkononi.

"Mama," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa kituo siku ile. Nilirudisha umeme mapema. Walisema ni bahati mbaya, nikakubali kwa kuwa ilinifaa. Leo nimeiona kwa macho. Kosa lilikuwa langu."

Mpini uliendelea kuzunguka. Mama Subilaga hakupoteza hata mzunguko mmoja. Alimtazama mzee, jasho likimtiririka kwenye nyusi.

"Miaka kumi na mmoja," alisema, "nilidhani ni mimi. Nilibeba ndoo ya maji nikiwa na mimba, ndiyo maana akatoka mapema, ndiyo maana akawamo humu. Kila usiku hiyo ndoo." Akavuta pumzi. "Na wewe ulikuwa na yako."

"Ndiyo, mama."

"Ndaga kwa kuniambia."

Mama Subilaga alisogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi.

"Basi kaa," alisema. "Weka mikono juu ya yangu kwanza, uushike mwendo. Mimi nimechoka."

Akaweka.